Nafasi Kati ya Pigo na Pigo

Tangu tumzike babu, misimu miwili ya mvua iliyopita, bibi yangu hapa Miyuji hajagusa ngoma yake ya muheme. Kwa Wagogo hiyo ni ngoma ya wanawake: huibana katikati ya mapaja, wakaipiga kwa viganja. Yake imeegemea ukuta, imeota vumbi.

Mimi nasoma shahada ya uzamili, na kwenye tasnifu nimeandika kwamba mdundo ni marudio ya mapigo kwa vipindi vinavyotabirika. Kwa kipimo hicho bibi ametoka kwenye mdundo. Nikamwomba apige hata kidogo, atapata nafuu. (Msomi hakosi dawa.)

“Mjukuu wangu, wewe ukipiga unajaza kila mahali. Watu watacheza wapi?”

Nimelifikiria sana swali hilo. Dodoma mvua huanza karibu na Desemba, ikaisha Aprili. Miezi mingine yote ni ukame, na hakuna mkulima wa mtama anayesema mwaka umeharibika. Hata moyo, mtu akiwa ametulia, hupumzika kwa muda mrefu kuliko unavyojikaza.

Lakini ukimya mwingine si nafasi, ni mwisho, na aliye pembeni hawezi kuutofautisha kwa kusikiliza tu. Je, nimhimize, au nimwache?

Juzi nilimkuta ameitoa ngoma uani, ngozi ikiota jua. Hakuipiga. Nikavuta kigoda, nikakaa.