Majuto Peke Yake Hayatoshi

Ndugu yangu katika imani, kwa nini aliyejuta leo kwa kupitwa na Alfajiri hupitwa tena kesho? Naona tunaijutia asubuhi, ilhali kosa lilianza usiku: simu mkononi, soga hadi saa nane. Wanazuoni wametaja masharti ya toba: kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Wengi wetu huishia kwenye kujuta, kwani majuto hutuliza moyo, tukadhani tumekwisha kubadilika. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha katika Ihyaa kuwa nafsi iwekewe masharti kabla ya kazi, kisha ihesabiwe baadaye. Basi tuiwekee masharti usiku: ikifika saa nne simu iwe mbali na kitanda, na mwenzako chumbani aombwe akuamshe. Allah atuwezeshe.