Mwulizeni Mtoto



Twasoma katika Injili ya Marko Mtakatifu, sura ya 5, habari za binti Yairo, mwenye umri wa miaka 12. Bwana wetu alipokwisha kumfufua, wakubwa walisimama wakishangaa. Yeye akakumbuka tumbo la mtoto, akaagiza apewe chakula. Kumponya ilikuwa kazi moja. Kumrudisha katika utoto wake ilikuwa kazi nyingine.

Sisi tuliofundisha miaka mingi twamjua mtoto atokaye hospitali baada ya ugonjwa mkubwa. Ni mtiifu kupita kiasi. Amezoea kuambiwa fumbua kinywa, lete mkono, meza, lala. Ugonjwa umekwisha, lakini sauti yake bado haijarudi.

Huko Marekani alikuwako mvulana wa miaka 5 aliyeugua saratani ya damu tangu kabla hajatimiza miaka 2. Mwaka 2013 alimaliza matibabu. Shirika la Make-A-Wish, ambalo kazi yake ni kuwatimizia watoto wagonjwa haja ya moyo, lilimwuliza ataka nini. Hakuomba kununuliwa kitu. Alitaka kuwa Batman, yule shujaa wa hadithi za picha avaaye joho kama popo na kuwakamata wahalifu. Basi tarehe 15 Novemba mji wa San Francisco ukamwitikia: maelfu ya watu walijaa njiani kumshangilia, na meya akamkabidhi ufunguo wa mji. Aliyezoea kuokolewa na wengine, siku ile aliokoa yeye.

Tusidhani kwamba haja iliyotimizwa ni dawa. Shirika hilo lilitokana na mvulana wa miaka 7 huko Arizona aliyetamani kuwa polisi. Mwaka 1980 polisi walimpa sare na beji. Siku chache baadaye akafariki. Je, ilikuwa kazi bure? Hasha! Mungu hapimi upendo kwa wingi wa siku.

Hata Bartimayo, ambaye upofu wake ulionekana na kila mtu, Bwana alimwuliza kwanza haja yake.

Ndugu zetu, hatuna ufunguo wa mji wa kutoa. Lakini mwendapo kumwona mtoto aliyeinuka kitandani, msiende na soda na maombi tu. Ketini, mwulizeni, kisha nyamazeni mpaka ajibu mwenyewe, wala mama yake asimjibie. Huenda ataka kupiga kengele ya kanisa Jumapili, au kukaa mbele katika lori la mjomba wake, au kulala kwa bibi usiku mmoja. Likiwezekana, litendeni kama asemavyo yeye, si kama tupendavyo sisi. Lisipowezekana, mwambieni kweli, mkatafute pamoja naye lililo karibu nalo.

Bwana awe nanyi nyote.