Je, Nia Njema Yatosha?

Ndugu mmoja aliyeingia katika Jumuiya yetu si zamani ameniletea swali ambalo, kwa maoni yangu, lastahili kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Baba yake alipatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukapooza. Hospitalini wakaamriwa wasimpe maji wala chakula kwa kinywa mpaka apimwe jinsi anavyomeza. Mzee aliomba maji kwa ishara. Mama akaona ni dhuluma kumnyima mumewe kitu ambacho hata mfungwa hupewa, na usiku akamnywesha kikombe kizima. Mzee hakupaliwa wala hakukohoa. Siku ya tatu akashikwa na homa na pumzi za haraka, ikaonekana ni nimonia. Mwenyezi Mungu alimponya, lakini tangu hapo mama hana raha. Mwanawe auliza: Je, mama ametenda dhambi, naye alitenda kwa huruma? Na kumnyima mzazi maji, je, si kinyume cha amri ya kuwatendea wazazi wema?

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Njia ya hewa na njia ya chakula hushirikiana katika koromeo, kisha huachana, moja ikaenda mapafuni na nyingine tumboni. Kila tunapomeza, pumzi husimama kidogo, zoloto hupanda juu, na kifuniko chake huinama kuuziba mlango wa hewa. Yote haya kwa muda wa kama sekunde moja. Kazi hiyo huongozwa na ubongo, na kiharusi huweza kuivuruga. Zaidi ya theluthi moja ya wapatwao na kiharusi hupata taabu hii katika siku za mwanzo, ingawa wengi wao hupata nafuu baada ya wiki chache. La ajabu ni kwamba maji matupu, tunayoyadhania kuwa mepesi kuliko vyote, mara nyingi ndiyo yenye hatari zaidi, kwani hukimbia kabla mlango haujafungwa, hali uji mzito huenda polepole. Tena wako wagonjwa ambao koo limepoteza hisia, kitu kikaingia mapafuni bila kikohozi hata kimoja. Basi usiku ule mama hakuwa na ishara yoyote ya kumwonya.

Hadithi ya kwanza katika Sahih Bukhari yafundisha kwamba thamani ya matendo hutokana na nia. Kwa hiyo namwambia mama huyo asijitese. Twatumaini mbele ya Mola wake ameandikiwa huruma yake. Wengi huishia hapa, lakini mimi siwezi kuishia hapa. Nia humpima mtendaji. Haibadilishi koo la mgonjwa. Katika sura Bani Israil, aya ya 24, Mwenyezi Mungu ameamuru wema kwa wazazi, na katika sura hiyo hiyo, aya ya 37, amekataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, akionya kwamba sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa. Amri hizi mbili hazigombani. Wema kwa mzazi mgonjwa wadai kwanza tuulize.

Lakini tusimwelemee mama peke yake. Walioamuru walisema “asipewe” wakaenda zao. Hakuna aliyemweleza sababu, wala kumwonyesha jinsi ya kuulowesha mdomo wa mgonjwa na kuusafisha vizuri, wala kumwambia kwamba maji yaweza kumfikia kwa dripu au kwa mpira upitao puani. Mwenye ujuzi akiuficha, naye ana deni.

Msomaji mwingine atasema: Imo katika Sahih Muslim Hadithi kwamba Siku ya Kiyama Mungu atamwuliza mja kwa nini hakumlisha mwenye njaa, kana kwamba njaa ile ilikuwa Yake Mwenyewe. Ndivyo. Na katika Tirmidhi na Ibn Majah imepokewa kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alikataza kuwalazimisha wagonjwa kula, ijapokuwa wanazuoni wana maneno juu ya mapokezi yake. Ukiziweka pamoja, utaona kwamba twaagizwa kulisha, ila kwa namna ambayo mwenye kulishwa aweza kupokea. Akiruhusiwa kula, mgonjwa akalishwe wima, wala si chali. Kijiko kidogo, na cha pili kingoje mpaka cha kwanza kimezwe. Na akimaliza akae wima kama nusu saa. Siku hizi wataalamu wamepanga vyakula na vinywaji kwa daraja, kuanzia 0 hadi 7, hata uzito wa kinywaji hupimwa kwa bomba la sindano la mililita 10 kwa kutazama kinachobaki baada ya sekunde 10.

Jirani wa familia hii alidai kwamba kumlisha mtu kwa mpira ni kukosa tawakali. Huyo asome habari ya bedui aliyeagizwa na Mtume s.a.w. amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Hata hivyo mpira nao si dawa ya kila mtu. Tangu madaktari Gauderer na Ponsky wa Cleveland, Marekani, walipotangaza mwaka 1980 njia ya kuuweka tumboni bila upasuaji mkubwa, umewasaidia wengi. Lakini mwaka 2014 chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kilitoa shauri kwamba wazee waliopotewa na akili kabisa kwa maradhi ya ubongo wasiwekewe, bali walishwe kwa mkono, kwa uangalifu na subira. Hapo kazi imerudishwa kwa mama.

Mwisho, mzee huyu ahuzunika kwamba Ramadhani itampita. Seyidna Ahmad a.s. amefundisha kwamba mgonjwa afungaye huivunja amri ya Mungu. Kwa asiyetazamiwa kupona, Al-Baqara, aya ya 185, yaonyesha njia ya fidia, yaani kumlisha maskini. Mama ameuliza kama aweza kukipika chakula hicho kwa mikono yake mwenyewe. Aweza.