Siku ya Watu Wachache

Kuna watu wanaopata riziki yao kwa kukuambia ni Jumanne ipi wenzako hawatakuwapo kule Orlando, Florida. Wanatengeneza kalenda ya mwaka mzima na kila siku wanaipa alama, kuanzia moja hadi kumi. Moja ni siku ya kutembea huku mikono ukiitupa. Kumi ni siku ya kusimama juani saa nzima na ushei ili upande kibehewa cha dakika tatu. Mashuhuri kati yao ni Touring Plans, waliolifanya jambo hilo kuwa kazi ya takwimu. Kwa kuwa kampuni ya Disney haitangazi watu wangapi wameingia katika bustani zake za michezo siku fulani, wao hupima foleni: mchezo upi, saa ngapi, watu walisubiri dakika ngapi.

Elimu hii nimeipata kwa mpwa wangu anayeishi Ohio. Anataka kumpeleka mama yake, yaani dada yangu, aliyekwenda kumsaidia kulea wajukuu, akaione Walt Disney World kabla hajarudi Dar. Juzi alinipigia simu ya video, akaigeuza kamera nione kompyuta yake. Miezi kumi na miwili imepakwa kijani, njano na nyekundu.

"Mjomba, unaiona Septemba? Kijani kitupu."

"Na huo wekundu wa mwisho?"

"Krismasi mpaka mwaka mpya. Hapo mtu hata akikupa tiketi ya bure, kwanza ufikirie."

Nilidhani kuna uganga ndani yake. Nilipomwomba anifafanulie, nikakuta ni ratiba za watu wengine zilizorundikwa pamoja. Shule nyingi za kusini mwa Marekani hufungua mwanzoni au katikati ya Agosti, ndiyo maana mwishoni mwa mwezi huo bustani hupumua. Machi na Aprili kila wilaya ya elimu hutoa likizo yake ya masika kwa wakati wake, basi mawimbi hupishana wiki hadi wiki. Januari kuna mbio za marathoni zinazokimbiwa humo humo bustanini, wakimbiaji wakiwa na wake, waume na watoto wao. Januari hiyo hiyo na Julai, Wabrazili huwa likizoni, na vijana wao huja kwa makundi, fulana za rangi moja, wakiimba kwenye foleni.

Kilichonifurahisha zaidi ni New Jersey. Kila Novemba chama cha walimu wa jimbo hilo hufanya mkutano wake Atlantic City, na shule hufungwa Alhamisi na Ijumaa. Wazazi wa New Jersey wakaona siku mbili hizo zikiunganishwa na Jumamosi na Jumapili, na pengine kuibiwa Jumatano, zinatosha kufika Florida. Miaka imepita, na sasa wazoefu wa Orlando wanaiita Wiki ya Jersey na kuikimbia kama ndui. Walimu wanakutana kujadili kazi yao kule juu, na huko chini, umbali wa saa mbili na nusu kwa ndege, foleni inarefuka.

Kwa hiyo anayetabiri msongamano kwa kweli anawasoma waajiri na walimu wakuu: nani kamruhusu nani, lini, kwa siku ngapi. Mchana mtupu pale bustanini maana yake ni kwamba mahali pengine watu wamefungwa darasani, kiwandani au ofisini. Sisemi hivi kumharibia mtu likizo yake. Nasema kwa sababu nimewasikia wengi wakiizungumzia siku ya watu wachache kana kwamba ni zawadi ya mbinguni kwa wajanja.

Tena ujanja wenyewe una kasoro. Utabiri wa mvua haubadilishi mvua, lakini utabiri wa watu husomwa na watu. Septemba ilipojulikana kuwa tupu, ikaanza kujazwa. Mwaka 2005 Disney wakaanza kutoa ofa ya chakula bila malipo kwa waliolala hotelini mwao miezi hiyo ya njaa, na vyumba vikatoka. Msimu huo huo bustani yao ya Epcot ina tamasha lake la vyakula na mvinyo. Bustani ya Magic Kingdom ina sherehe za Halloween, ambazo siku hizi huanza Agosti, na zina tiketi yake ya pembeni. Siku ya sherehe, mwenye tiketi ya kawaida hutolewa saa kumi na mbili jioni, basi wengi wanaiepuka siku hiyo, basi mchana wake unakuwa mwepesi, basi wajanja wanaifuata. Kisha ujanja huo unaandikwa kila mahali. Mpwa wangu ananiambia kuna watu wanaochagua siku nyekundu kwa makusudi, wakiamini kila mtu ameshaikimbia.

Mimi ningekuwa yeye ningetazama bei. Tangu 2018 tiketi ya Walt Disney World inategemea tarehe utakayoingia, na bei hiyo imepangwa na watu wenye takwimu ambazo mtabiri wa nje hana. Wanajua wameuza tiketi ngapi na vyumba vingapi vimeshachukuliwa. Siku wanayokuuzia kwa bei ya chini, wao wenyewe wanakiri hawatarajii wageni wengi.

Hoteli ni hesabu nyingine, na hapa ndipo wengi huumbuka. Bustani inaweza kuwa nyeupe na bado usipate kitanda cha bei nafuu, kwa sababu Orlando haiishi kwa Mickey Mouse peke yake. Ina moja ya kumbi kubwa kabisa za mikutano nchini Marekani, na madaktari au mafundi wa viyoyozi wakikutana huko kwa maelfu, vyumba vya mji huisha bila mtoto hata mmoja kupanda kibehewa. Halafu kuna vimbunga. Msimu wake ni Juni hadi Novemba, na kilele chake ni Septemba hiyo hiyo ya kijani kitupu. Hadi 1999, kilipokuja kimbunga Floyd, Walt Disney World haikuwahi kufungwa kwa sababu ya kimbunga. Baada ya hapo imefungwa mara kadhaa: Irma 2017, Ian 2022, Milton 2024. Kimbunga kikikaribia, wakazi wa pwani hukimbilia bara, na Orlando iko katikati ya rasi. Wanakuja na mbwa, paka na wazee wao, wanajaza hoteli wiki ambayo kalenda iliipa alama mbili. Hilo hakuna mtabiri wa kulijua miezi sita kabla.

Vyumba pia hurudi. Watu hushika chumba huku bado wanajishauri, na siku ya kumalizia malipo, takriban mwezi mmoja kabla ya safari, baadhi yao huachia. Mpwa wangu anajua hivyo, ndiyo maana kila usiku watoto wakishalala anafungua ukurasa ule ule kutafuta chumba kile kile katika Animal Kingdom Lodge.

Hoteli hiyo ina kisa chake kwetu. Ilifunguliwa 2001. Majengo yake mawili yanaitwa Jambo House na Kidani Village, na migahawa yake Jiko, Boma na Sanaa. Baadhi ya vyumba vina roshani zinazotazama twiga na pundamilia wakila majani. Jirani yake, ndani ya bustani ya Animal Kingdom, kuna kijiji kizima kiitwacho Harambe, kilichofuatishwa na mji wa Lamu. Wabunifu wake walikuja hadi Afrika Mashariki kutazama. Plasta imebanduliwa kwa makusudi ili ionekane imeliwa na chumvi ya bahari, matangazo yamebandikwa yakiwa yameshachakaa, na hadithi waliyoitunga inasema kijiji kilipata uhuru 1961, mwaka ule ule wa Tanganyika. Dada yangu alipoonyeshwa picha alisema kitu kimoja tu: mbona hakuna punda njiani?

Lamu yenyewe inajazwa kwa namna nyingine. Maulidi ya Msikiti wa Riyadha huwa mwishoni mwa Mfungo Sita, na kwa kuwa mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka wa kizungu, Maulidi huzunguka misimu yote. Miaka mingine huangukia masika, wakati ambapo watalii hawapo na nyumba nyingi za wageni zimefungwa ili zikarabatiwe, na bado mji hufurika. Watu hulala kwa jamaa, barazani, juu ya mikeka. Sijamsikia mtu akiulizia mwaka gani Maulidi yatakuwa na watu wachache. Ukimwambia mzee wa Lamu kwamba umepata Maulidi matupu atakupa pole. Najua sherehe ya dini na bustani ya tiketi si kitu kimoja, na hakuna anayependa foleni. Lakini mtoto akishuka kwenye kibehewa anataka wa kumsimulia, na parade ikipita bila wa kushangilia ni gari lenye muziki.

Linalonisumbua zaidi ni nani anaipata hiyo kijani. Mwingereza mmoja wa Isle of Wight, Jon Platt, alimpeleka bintiye Disney World ya Florida mwezi Aprili 2015, shule ikiwa wazi. Mwalimu mkuu alishakataa ruhusa. Binti akakosa siku saba za masomo, baba akatozwa faini ya pauni 60, akagoma kulipa, ikawa 120. Akashinda mahakama ya chini, akashinda Mahakama Kuu. Aprili 2017 majaji wa Mahakama ya Juu wakasema kwa kauli moja kwamba kuhudhuria shule kwa kawaida ni kuhudhuria kwa mujibu wa kanuni za shule, si vile mzazi anavyoona inatosha. Kisheria sina ugomvi nao. Darasa haliwezi kuendeshwa kwa safari za kila mzazi. Lakini wazazi wengi Uingereza walimwonea huruma, kwani wanajua bei hupanda siku ile ile shule zinapofungwa. Mwenye watoto na kazi ya kuajiriwa, ndiye mwenye uhuru mdogo wa kuchagua, na ndiye anayeuziwa wiki ya gharama kubwa. Mstaafu na tajiri wanaweza kwenda Jumanne ya Septemba.

Mume wa mpwa wangu anafanya kazi ghalani, na ghala lao halitoi likizo Novemba wala Desemba, kwani ndipo Wamarekani wananunua kila kitu. Kijani ya mwanzo wa Desemba, ambayo kalenda iliisifu sana, ikafutika kwa ratiba ya msimamizi wa zamu. Septemba mtoto mkubwa anaanza darasa la kwanza. Imebaki wiki ya mwisho ya Januari, marathoni imepita na sikukuu ya Martin Luther King imepita. Ameiandikia shule kuomba ruhusa ya siku chache, na ameshalipia tiketi.

Chumba cha kutazama twiga hakikupatikana. Kilichobaki, na kilicho ndani ya uwezo wao, kinatazama maegesho ya magari. Akampigia mama yake kumuuliza kwa unyonge kama aendelee kusubiri wanaoghairi. Dada yangu akamwambia achukue hicho hicho na alale mapema, twiga yeye amewaona Mikumi, tena bila kulipa, dirishani mwa basi la Iringa.