Madaraka ni Amana Yenye Mdai

Mwenye cheo ana haki gani ya kuendelea kukikalia? Kwetu Wenje, kando ya Mto Tana, swali hili si la vitabuni. Ng'ombe wa Mworma wakikanyaga shamba la Mpokomo wakielekea malka, njia ya mifugo kufika mtoni, anayeitwa kuamua ni chifu, na akipendelea, damu iko karibu: mwaka 2012 mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua watu zaidi ya 100 katika Delta ya Tana. Nashikilia kwamba cheo ni amana, na hakuna amana pasipo mtu wa kuidai.

Dini zetu mbili, Uislamu na Ukristo, zinakubaliana hapa. Mtume alimwonya sahaba wake Abu Dharr, aliyeomba uongozi, kwamba huo ni amana, na Siku ya Kiyama ni majuto ila kwa aliyetimiza haki yake. Nabii Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli akauliza ametwaa ng'ombe wa nani, na punda wa nani. Wanawe aliowaweka kuwa waamuzi walikuwa wamekula rushwa. Cheo walirithi, uadilifu hawakuurithi.

Wapo wanaosema kiongozi asiye na uhakika wa kesho hula upesi, hivyo aachwe akae. Uingereza ilijaribu: mwaka 1228 Mfalme Henry wa Tatu alimpa Hubert de Burgh cheo cha mwamuzi mkuu wa ufalme kwa maisha yake yote, na mwaka 1232 akamng'oa. Ahadi haikumkinga, kwa kuwa mdai wake alikuwa mtu mmoja, na moyo wa mtu hugeuka. Waborana, ndugu wa Waorma kwa lugha, humpa abba gada, kiongozi wao mkuu, miaka minane tu, naye huwa ameandaliwa kwa miaka mingi. Mkutano wao mkuu, Gumi Gayo, unaweza kumhoji na hata kumwondoa. Uzoefu wake haupotei, maana akitoka hubaki mshauri.

Wengine watasema Katiba ya Kenya ya 2010 imemaliza kazi: kifungu cha 73 kinayaita madaraka amana ya umma, na cha 180 kinamzuia gavana kupita vipindi viwili. Lakini miaka kumi bila kuulizwa inatosha kukausha hazina. Basi tusingoje kura. Bajeti ya kaunti inapoletwa kwa maoni ya wananchi, mkulima na mfugaji waende pamoja, waulize swali la Samweli, na wasiondoke bila jibu.