Haki ya Walionusurika na Bahari

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote zamstahikia Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na ali zake na sahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu zetu, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, mwaka 2011, meli Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, nayo yaelekea Pemba, imepakia watu kupita kiasi chake. Maiti 203 walipatikana; wengine zaidi ya elfu moja bahari haikuwarudisha. Na tarehe 18 Julai, 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe, hali jeraha la kwanza halijapona.

Jueni ya kwamba msiba wa namna hii hauishi siku ya kuondoa matanga. Yuko aliyeokoka asiyepata usingizi. Akisikia kishindo hushtuka, na chombo hakipandi tena. Yuko ajiulizaye, "Kwa nini nimeokoka mimi, na mwanangu akazama?" Na yuko mama ambaye kila mlango ukibishwa hudhani ni mwanawe.

Wako kati yetu wawaambiao hawa, "Imani yenu dhaifu." Neno hili ni kosa, tena ni dhulma. Nabii Yaakub (a.s.) alimpoteza Yusuf, asipate maiti yake wala kaburi, akalia hata macho yakawa meupe, naye ndiye mwenye subira njema. Na Mtume wetu alimlilia mwanawe Ibrahim. Mwenye subira huumia kama wenziwe, ila hamlaumu Mola wake.

Basi yatupasa nini? Ilipofika Madina habari ya kufa Jaafar, Mtume aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula. Nasi tuwaendee waliofikwa, si siku tatu tu, bali hata baada ya miezi. Tusiwalazimishe kusimulia, wakisimulia, tuwasikilize. Picha za maiti tusizitembeze. Aliyezama asipatikane, na aswaliwe Swala ya ghaibu, kama Mtume alivyomswalia Najashi, ili jamaa zake wapate pa kuuanzia msiba wao. Na ambaye mwezi umempitia hapati usingizi kwa hofu, na apelekwe kwa tabibu. Kutafuta dawa ni katika mafunzo ya Mtume, na maradhi ya nafsi ni maradhi.

Ewe Mola, warehemu waliozama, uwaandikie daraja ya mashahidi, na nyoyo za waliobaki uzitulize. Amin.