Je, Macho Nayo Yana Deni?

Kuna swali ambalo huonekana dogo, nalo si dogo. Mtu akisafiri mbali, akatumia fedha na siku zake, si kwa kununua wala kuuza wala kumzika jamaa, bali kwa kutazama tu milima na maziwa, je, amefanya jambo jema, ao amepoteza mali aliyopewa na Mungu? Wazee wetu wengi wangecheka. Safari, wangesema, ni ya kazi ao ya matanga.

Tutwae mfano mmoja. Katika kisiwa cha kusini cha Nyuzilandi iko barabara inayofuata pwani ya magharibi, toka mji wa Hokitika mpaka Haast. Sehemu yake ya mwisho ilifunguliwa mwaka 1965. Mbele ya hapo motokari haikuweza kupita pwani ile moja kwa moja. Upande mmoja iko bahari ya Tasman, upande wa pili milima mirefu yenye theluji. Upepo hutoka baharini umejaa maji, hupiga ukuta wa milima, na mvua humwagika kwa wingi. Juu kabisa mvua ile huwa theluji. Theluji hulundikana mwaka kwa mwaka, ile ya chini hugandamizwa na uzito wa ile ya juu hata ikawa barafu ngumu, nayo barafu huteremka bondeni polepole kama mto. Mito miwili ya barafu ya namna hiyo, Franz Josef na Fox, hushuka mpaka karibu na mwitu mbichi, na bahari haiko mbali.

Karibu na Fox liko ziwa Matheson. Barafu ya zamani ilichimba shimo lake, ikarudi nyuma, maji yakajaa. Maji yale ni meusi kama chai nzito kwa sababu ya majani yanayooza mwituni. Na kwa weusi ule, asubuhi pasipo upepo, mlima Aoraki wenye metre 3,724 huonekana ndani ya maji, kichwa chini. Watu hulizunguka ziwa kwa miguu, muda wa saa moja na nusu hivi, kisha hurudi mikono mitupu.

Basi wamepata nini? Sisi twajibu hivi. Katika kitabu cha Mwanzo Mungu mwenyewe alitazama alivyoviumba, akaona kwamba ni vyema. Na alitazama mwanga na bahari kabla hajawako mtu wa kuvitumia. Kwa hiyo wema wa kitu hautoki katika faida yetu. Anayesimama mbele ya ziwa asitake kulivua wala kuliuza, afanya kwa kitambo kidogo tendo ambalo Mungu alilifanya kwanza. Hata sabato ina maana hiyo ndani yake.

Lakini mtakatifu Augustino ana neno la kutupinga. Katika Maungamo yake awalaumu watu wanaokwenda kustaajabia milima na bahari huku wakijisahau wenyewe. Petrarca, mshairi wa Italia, aliandika kwamba mwaka 1336 alipanda mlima Ventoux huko Ufaransa, akafungua kitabu kile kileleni, macho yake yakaangukia palepale pa lawama. Akashuka bila kusema neno. Twafikiri Augustino hakuyalaumu macho. Alilaumu mtu ambaye macho yake yametoka nje na moyo wake umebaki nyumbani umelala.

Na tofauti hiyo yaonekana katika jina la barafu yenyewe. Wamaori, wenyeji wa nchi, waliiita machozi ya Hine Hukatere. Husimulia kwamba msichana huyo alipenda kupanda milima, akamshawishi mpenzi wake Wawe aende naye; theluji ikaporomoka ikamwua kijana, na machozi ya msichana yakaganda yakawa barafu. Mwaka 1865 akaja Julius von Haast, mtaalamu wa mawe, akaiita kwa jina la Kaisari wa Austria. Kaisari yule hakuliona kamwe bonde lile. Wenyeji walitazama, wakakumbuka msiba; mgeni alitazama, akapata mahali pa kumheshimu mkubwa wake.

Sasa twafika penye ugumu. Katika kijiji cha Franz Josef liko kanisa dogo la Waanglikana, lililojengwa mwaka 1931. Nyuma ya altare waliweka dirisha la kioo kitupu, ili wanaosali waone barafu. Mwaka 1946 serikali ilitoa stempu za kushukuru amani, na moja yao ilionyesha milima ile pamoja na altare ile. Ilipofika mwaka 1954 barafu ilikuwa imerudi nyuma, dirishani haikuonekana tena. Baadaye ilisogea mbele kwa miaka kadhaa, kisha toka mwaka 2008 ikarudi upesi sana. Tangu mwaka 2012 waongozaji hawawezi tena kuwapandisha wageni juu yake kwa miguu toka bondeni. Wanapelekwa kwa helikopta.

Maana yake, moshi wa petroli wapasha dunia joto, joto layeyusha barafu, na watu wachoma petroli zaidi ili waione kabla haijakwisha. Wengine husema: helikopta moja si kitu. Ni kweli, na kila mmoja asema vilevile. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliita dunia nyumba yetu sisi sote. Tukienda kumwona mgonjwa aliye karibu kufa, hatuendi kumpiga picha tu na kuondoka. Twaketi. Twauliza kilichomwumiza, na kama ni moshi wa jiko letu, twauzima. Kwetu sisi, anayekwenda kutazama barafu bila kuuliza hivyo hakufanya dhambi kwa kutazama. Ameacha kutazama katikati ya njia.

Na sisi wa Kongo, ambao motokari zetu ni chache? Ruwenzori yetu ina barafu pia. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwana wa jamaa ya wafalme wa Italia, alipanda kilele cha Margherita, metre 5,109, mpakani kwetu na Uganda. Barafu nyingi iliyokuwako siku zake imekwisha yeyuka, na vijito vyake vyashuka Semliki. Moto huo kwa sehemu kubwa hatukuuwasha sisi. Hata hivyo hatuwezi kusema haituhusu, kwa kuwa mwenye kuibiwa naye apaswa kujua alikuwa na nini. Njia za kupanda toka upande wa Beni zimekuwa za hatari kwa ajili ya vita, wala hatumshauri mtu ajitie hatarini. Lakini mlima huonekana toka mbali siku zisizo na mawingu, hasa asubuhi mapema. Kuutazama hakudai petroli, na watoto wengi wa parokia za kule hawajaonyeshwa bado ni wapi pa kuelekeza macho.